Léon Foucault

Jean Bernard Léon Foucault (Paris, 18 Septemba 1819 – Paris, 11 Februari 1868) alikuwa mwanafizikia wa Ufaransa. Anajulikana zaidi kwa pendulamu yake, yaani uzito unaobembea kwenye waya mrefu, ambayo mwaka 1851 iliwaonyesha watu kwa macho yao kwamba dunia inajizungusha. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameshafanya jaribio lisilo na umaarufu huo lakini lenye uzito usiopungua: alionyesha kwamba mwanga huenda polepole zaidi ndani ya maji kuliko hewani. Kwa jaribio hilo aliamua ubishi kuhusu asili ya mwanga uliokuwa umedumu zaidi ya karne moja na nusu.

Foucault hakusomea fizikia katika chuo chochote kikubwa cha Ufaransa, na kwa muda mrefu wataalamu wa hisabati wa Paris walimtazama kama fundi mwenye bahati. Sehemu kubwa ya kazi zake za mwanzo ilifanyika nyumbani kwa mama yake.

Utoto na elimu

Baba yake alikuwa mchapishaji na muuzaji wa vitabu. Familia ilihamia Nantes, magharibi mwa Ufaransa, lakini baba alifariki mwaka 1829, na mama akarudi Paris pamoja na watoto. Léon alikuwa mtoto mwenye afya dhaifu. Shuleni hakufanya vizuri, hivyo mama yake akamtafutia walimu wa kumfundisha nyumbani. Kipaji chake kilikuwa mikononi: alitengeneza mashine ndogo ndogo na vyombo vya kuchezea vilivyofanya kazi kweli.

Mama alitaka mwanawe awe daktari, na Foucault akaanza masomo ya udaktari. Ikagundulika kwamba hawezi kuvumilia kuona damu, akaacha. Hata hivyo mwalimu wake mmoja, Alfred Donné, aliyekuwa akifundisha matumizi ya hadubini, alimchukua kuwa msaidizi wake. Kwa pamoja walitoa kitabu cha picha za vitu vinavyoonekana kwa hadubini, zilizopigwa kwa njia mpya ya Louis Daguerre, yaani juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Njia hiyo ilikuwa imetangazwa mwaka 1839 tu, na Foucault alikuwa miongoni mwa waliojifunza mapema kuitumia kwa sayansi.

Kuanzia mwaka 1845 aliandika habari za sayansi katika gazeti la Journal des débats, kazi aliyoirithi kutoka kwa Donné. Aliandika kwa lugha nyepesi na bila woga, na makala zake zilimfanya ajulikane, ingawa si kila mwanachama wa Akademia ya Sayansi alizifurahia.

Ushirikiano na Fizeau

Hippolyte Fizeau alizaliwa siku 5 tu baada ya Foucault, mwaka uleule na katika mji uleule. Yeye pia alianza udaktari akauacha, na yeye pia alivutiwa na picha za Daguerre. Vijana hao wawili walifanya kazi pamoja kwa miaka kadhaa. Tarehe 2 Aprili 1845 walipiga picha ya Jua iliyoonyesha wazi madoa yake. Walilinganisha ukali wa mwanga wa Jua na ule wa taa ya tao la umeme, na walionyesha kwamba miale ya joto isiyoonekana ina tabia za mawimbi kama mwanga unaoonekana.

Halafu wakaachana, na kila mmoja akaendelea na njia yake. Swali walilokuwa wakilitazama wote wawili lilibaki lilelile, na kuanzia hapo wakawa washindani.

Swali lililokuwa likibishaniwa

Mtu yeyote aliyewahi kusukuma mtumbwi kwa upondo katika ghuba ya Mikindani au ya Mnazi, maji yakiwa maangavu, ameuona upondo ukiwa kama umevunjika pale unapozama. Mvuvi wa pwani ya Mtwara anayechoma samaki kwa mkuki akiwa amesimama mwambani anajua kwamba asilenge pale anapomwona, bali chini kidogo, kwa sababu samaki yuko chini zaidi kuliko anavyoonekana. Penye kina cha mita 4, anayetazama kutoka juu moja kwa moja huona kama kina ni mita 3.

Sababu ni kwamba mwanga hupinda unapovuka mpaka kati ya maji na hewa. Jambo hili lilichunguzwa tangu kale. Ibn Sahl wa Baghdad aliandika kanuni sahihi ya kupinda huko mnamo mwaka 984, na Mholanzi Willebrord Snell akaigundua tena mwaka 1621. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Kairo, alieleza katika karne ya 11 kwamba mwanga hupata kizuizi zaidi katika vitu vizito vinavyopenyeka, na kwa hiyo mwendo wake humo hupungua. Lakini hakuna aliyekuwa na namna ya kupima.

Katika karne ya 17 yalitokea maelezo mawili yaliyopingana. Isaac Newton aliufikiria mwanga kuwa chembe ndogo sana. Chembe inapokaribia uso wa maji, maji huivuta, hivyo hubadili mwelekeo na kuingia kwa kasi kubwa zaidi. Kwa maelezo haya mwanga huenda haraka zaidi majini kuliko hewani. Christiaan Huygens aliufikiria mwanga kuwa wimbi, na kwake kupinda kunawezekana tu kama wimbi linapunguza mwendo majini.

Maelezo ya Huygens yanaeleweka kwa mfano wa watu walioshikana mikono na kutembea kwa safu moja kutoka mchanga mgumu wa ufukweni kuingia kwenye tope la mikoko. Kama safu inaingia kwa mshazari, wa kwanza kukanyaga tope hupunguza mwendo huku wengine wakiendelea kwa kasi ileile, na safu nzima hugeuka. Anayeingia topeni kwa kunyooka hapindi, ila huchelewa tu. Mwanga nao hufanya hivyo.

Nadharia zote mbili zilitoa kanuni ileile ya kupinda, kwa hiyo kutazama upondo kusingesaidia kitu. Zilitofautiana katika jambo moja tu: ndani ya maji mwanga unaongeza mwendo au unapunguza? Mwanzoni mwa karne ya 19 Thomas Young wa Uingereza na Augustin Fresnel wa Ufaransa walileta hoja nyingi upande wa mawimbi. Hata hivyo wakubwa kadhaa wa sayansi ya Ufaransa, hasa Jean-Baptiste Biot, waliendelea kuzitetea chembe, na jina la Newton lilikuwa na nguvu ya kutosha kuwanyamazisha wengi.

Pendekezo la Arago

Mwaka 1838 François Arago, mkuu wa Kituo cha Unajimu cha Paris, alipendekeza njia ya kulipima jambo hili. Charles Wheatstone wa Uingereza alikuwa ametumia kioo kinachozunguka kwa kasi kuchunguza mwendo wa umeme. Arago aliona kwamba kioo cha namna hiyo kingeweza pia kupambanisha miale miwili ya mwanga, mmoja ukipita hewani na mwingine majini, na kuonyesha upi unachelewa. Hakukuwa na haja ya kujua kasi yenyewe. Ilitosha kujua nani ametangulia.

Ilikuwa rahisi kusema kuliko kutenda. Kioo kilitakiwa kuzunguka mamia ya mara kwa sekunde bila kupasuka, na mwanga uliorudi ulikuwa hafifu mno. Arago alihangaika kwa miaka 12 na mafundi wake. Wakati huo macho yake yalikuwa yanapofuka kwa ugonjwa wa kisukari, na hatimaye hakuweza tena kuutazama ule mwanga aliousubiri. Akawaachia vijana.

Mwaka 1849 Fizeau alitangulia kwa jambo jingine. Aliupeleka mwanga kutoka Suresnes hadi kilima cha Montmartre na kurudi, umbali wa mita 8,633 kila upande, ukipita kati ya meno ya gurudumu lenye meno 720. Kwa kuangalia kasi ya gurudumu ambayo mwanga unaorudi unazibwa na jino, alipata kasi ya mwanga hewani ya kilomita 315,000 hivi kwa sekunde. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kasi hiyo kupimwa hapa duniani bila kutegemea mwendo wa sayari na nyota. Lakini kwa maji njia hiyo haikufaa, kwani mwanga ungefifia kabisa kabla ya kuvuka kilomita moja ya maji.

Jaribio la 1850

Foucault alilipunguza jaribio likaenea chumbani. Mwanga wa Jua uliingia kupitia tundu jembamba, ukapiga kioo kidogo kinachozunguka, ukaenda kwenye kioo kingine kilichotulia umbali wa mita 4, kisha ukarudi kwenye kile kinachozunguka. Katika muda huo mfupi kioo kilikuwa kimeshageuka kidogo, kwa hiyo taswira haikurudi palepale ilipotoka bali kando yake. Kadiri mwanga unavyochelewa njiani ndivyo taswira inavyosogea mbali zaidi.

Ubunifu wake mkubwa ulikuwa kile kioo cha pili, ambacho hakikuwa bapa bali kilichobonyea. Kwa umbo hilo mwanga ulirudi daima kwenye njia yake, kioo cha kwanza kikizunguka kwa kasi yoyote, na taswira ilisimama machoni pa mtazamaji badala ya kumulika na kupotea. Katika njia moja aliacha hewa tupu. Katika njia ya pili, kuelekea kioo cha namna hiyohiyo, aliweka bomba la mita 3 lililojaa maji. Kioo kilizungushwa na turbini ndogo ya mvuke hadi mara 800 hivi kwa sekunde, na Foucault alikadiria kasi yake kwa kusikiliza sauti iliyotoka.

Tofauti aliyoitafuta ilikuwa ndogo kiasi cha kutisha. Kwenda na kurudi katika mita 3 za maji huuchelewesha mwanga kwa chini ya sehemu moja ya milioni 100 ya sekunde kuliko hewani. Lakini tarehe 27 Aprili 1850 taswira zote mbili zilionekana: moja nyeupe iliyopita hewani, na nyingine ya kijani, kwa kuwa maji humeza rangi nyekundu kwanza. Hiyo ndiyo sababu pia samaki mwekundu huonekana mweusi akiwa kwenye kina kirefu. Taswira ya kijani ilikuwa imesogea zaidi. Mwanga wa majini ulikuwa umechelewa.

Wakati huohuo Fizeau, akishirikiana na mtengenezaji wa saa Louis Breguet, alikuwa anaandaa jaribio lilelile. Tarehe 6 Mei 1850 pande zote mbili ziliwasilisha taarifa katika Akademia ya Sayansi. Foucault alikuwa na matokeo, Fizeau na Breguet walikuwa na vyombo vilivyo tayari. Wiki kadhaa baadaye nao wakapata jibu hilohilo, jambo lililoimarisha ushindi wa Foucault badala ya kuupunguza, kwa sababu mahasimu wawili waliotumia vyombo tofauti walikuwa wamekubaliana.

Arago, akiwa amebakiza miaka mitatu ya kuishi, aliishi kuona swali lake likijibiwa. Foucault aliligeuza jaribio hilo kuwa tasnifu ya udaktari wa sayansi, aliyoiwasilisha mwaka 1853.

Kwa nini mwanga hupungua mwendo

Foucault alionyesha kwamba mwanga hupungua mwendo, hakueleza kwa nini. Wakati wake elektroni ilikuwa bado haijagunduliwa.

Maelezo ya leo ni haya. Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Unapoingia katika maji au kioo, hutikisa elektroni zilizomo ndani ya atomi. Elektroni zinazotikiswa nazo hutoa mawimbi yao wenyewe, yanayochelewa kidogo nyuma ya lile lililozitikisa. Mawimbi hayo yote yakijumlishwa na lile la kwanza, hutokea wimbi moja linalosonga polepole zaidi. Mara nyingi husemwa kwamba mwanga huchelewa kwa sababu hugongana na atomi na kuyumbishwa huku na huko. Hilo si sahihi: mwanga uliogongana ovyo ungetawanyika kila upande, na hakuna ambaye angeona sakafu ya bahari. Tena mwanga ukitoka majini na kurudi hewani, huchukua kasi yake ya kwanza papo hapo, bila kuhitaji kusukumwa.

Katika ombwe mwanga huenda kilomita 299,792 kwa sekunde. Hewani hupungua kwa sehemu 3 hivi tu katika 10,000. Majini huenda kilomita 225,000 hivi, katika kioo cha kawaida karibu 200,000, na katika almasi karibu 124,000. Maji ya bahari huupunguza kidogo zaidi kuliko maji baridi. Ndiyo maana mahali ambapo maji ya mto huchanganyika na ya bahari, kama kwenye mlango wa Ruvuma, mpaka wa maji hayo mawili huweza kuonekana chini ya maji kama ukungu unaotetemeka. Tope ambalo Ruvuma huleta ni suala lingine: tope humeza na kutawanya mwanga, lakini kasi hutegemea hasa maji yenyewe.

Hata upungufu mdogo wa hewani una matokeo yake. Jua linapochomoza baharini mbele ya Msimbati, mwanga wake umepindwa na angahewa kiasi kwamba linaonekana dakika 2 hivi kabla halijafika juu ya upeo wa macho. Nahodha na msafiri aliyepima nyota kwa sekstanti alilazimika kusahihisha vipimo vyake kwa sababu hiyo. David Livingstone, aliyetua Mikindani mwezi Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho, alitegemea hesabu za namna hiyo kujua alipo.

Pendulamu na jiroskopu

Mwezi Januari 1851 Foucault alining'iniza uzito kwenye waya katika chumba cha chini cha nyumba ya mama yake, akaona kwamba mstari wa kubembea unageuka polepole. Uzito haukuwa umegeuka. Sakafu, nyumba na Paris yote ndiyo iliyokuwa inageuka chini yake. Mwezi uliofuata alirudia katika Kituo cha Unajimu, kisha mwezi Machi katika jengo la Panthéon, kwa tufe la kilo 28 kwenye waya wa mita 67. Umati wa Paris ulikwenda kutazama dunia ikizunguka.

Muda wa mzunguko hutegemea mahali. Kwenye ncha za dunia ni siku moja, Paris ni saa 32 hivi, na kwenye ikweta mstari haugeuki kabisa. Pendulamu kama hiyo ikiwekwa Mtwara, nyuzi 10 na kidogo kusini mwa ikweta, itahitaji siku 5 na nusu hivi kukamilisha duara, nayo itageuka kinyume na mwelekeo wa ile ya Paris. Wanahisabati walijiuliza baadaye kwa nini hawakuliona jambo hilo wenyewe, kwa kuwa hesabu zake zilikuwa mezani kwao miaka mingi. Wengine hawakumsamehe mtu asiye na shahada yao kwa kuwatangulia.

Mwaka 1852 aliunda chombo kingine kwa lengo hilohilo, gurudumu linalozunguka kwa kasi na kushika mwelekeo wake, akakiita jiroskopu. Wakati huo kilikuwa cha maonyesho tu. Baadaye kilikuwa sehemu ya lazima ya meli na ndege.

Kituo cha Unajimu na kasi ya mwanga

Mwaka 1855 Shirika la Kifalme la London lilimpa Medali ya Copley, na Napoleon III akamtengenezea nafasi ya mwanafizikia katika Kituo cha Unajimu cha Paris, chini ya Urbain Le Verrier. Kwa mara ya kwanza, akiwa na umri wa miaka 35, Foucault alipata kazi rasmi ya sayansi. Mwaka huohuo alionyesha kwamba bamba la shaba linalozungushwa kati ya sumaku hupata joto kutokana na mikondo ya umeme inayozaliwa ndani yake. Mikondo hiyo bado inaitwa kwa jina lake katika lugha kadhaa.

Kazi yake kubwa hapo ilikuwa darubini. Vioo vya darubini vilitengenezwa kwa madini mazito yaliyochujuka haraka. Foucault alitengeneza kioo cha kawaida, akakipaka utando mwembamba wa fedha, na fedha ikichakaa hupakwa upya bila kuharibu umbo. Aligundua pia njia ya kukagua umbo la kioo kwa ukingo wa kisu, rahisi na makini kiasi kwamba wanaotengeneza darubini kwa mikono huitumia mpaka sasa. Darubini yake ya sentimita 80 ilipelekwa Marseille.

Mwaka 1862 alirudi kwenye kioo kinachozunguka, safari hii ili kupata kasi yenyewe. Turbini ilisukumwa na hewa badala ya mvuke, na msukumo wa hewa ulidhibitiwa na mvukuto uliotengenezwa na Aristide Cavaillé-Coll, fundi mashuhuri wa vinanda vya kanisani. Njia ya mwanga ilikunjwa kwa vioo kadhaa ikawa mita 20. Alipata kilomita 298,000 kwa sekunde, pungufu kwa chini ya asilimia moja ya kiwango cha leo.

Namba hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa wanaastronomia. Kwa kuunganisha kasi ya mwanga na vipimo vya nyota, umbali wa Jua huweza kukokotolewa. Kiwango kilichokubaliwa kilikuwa karibu kilomita milioni 153. Cha Foucault kilikuwa karibu milioni 148, na cha kweli ni milioni 149.6. Mtu aliyekuwa chumbani na kioo kidogo alikuwa amepunguza ukubwa wa mfumo wote wa Jua.

Miaka ya mwisho

Shirika la Kifalme la London lilimpokea kuwa mwanachama wa kigeni mwaka 1864, na Akademia ya Sayansi ya nchi yake ilimkubali mwaka uliofuata tu, miaka 15 baada ya jaribio la maji. Fizeau alikuwa ameshaingia tangu 1860. Foucault hakuoa.

Mwaka 1867 mkono wake ulianza kufa ganzi. Baada ya miezi michache ulimi na macho vilimshinda pia, kwa ugonjwa ambao watafiti wa baadaye wanaudhania kuwa ule unaoharibu utando wa mishipa ya fahamu. Alifariki tarehe 11 Februari 1868, akiwa na miaka 48, akazikwa katika makaburi ya Montmartre.

Baada yake

Jaribio la 1850 lilionyesha upande gani unachelewa, lakini halikutoa kiasi makini. Albert Michelson wa Marekani alifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1880, akathibitisha kwamba mwanga huenda hewani mara 1.33 ya kasi yake majini, kama nadharia ya mawimbi ilivyotaka. Fizeau naye mwaka 1851 alipima mwanga katika maji yanayotiririka, akakuta kwamba maji huuchukua mwanga pamoja nayo kwa sehemu tu. Maelezo kamili ya tokeo hilo yalipatikana kutoka kwa Albert Einstein mwaka 1905. Mwaka huohuo Einstein alirudisha wazo la chembe za mwanga kwa sura mpya, hivyo hukumu ya 1850 haikuwa ya mwisho kama ilivyodhaniwa. Chembe za Newton, zile zinazokimbia zaidi majini, hazikurudi.

Upungufu wa mwendo alioupima Foucault sasa huhesabiwa kila siku katika mawasiliano. Nyaya za kioo zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, kama ule wa EASSy ulioanza kazi mwaka 2010 na unaofika Maputo na Dar es Salaam, hupeleka habari kwa mwanga unaoenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, sawa na theluthi mbili za kasi yake katika ombwe. Kwa umbali wa barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, unaokaribia kilomita 560, mwanga ndani ya waya wa kioo ungetumia sehemu 3 hivi za elfu za sekunde.

Mnara wa Eiffel ulipojengwa, majina ya wanasayansi na wahandisi 72 wa Ufaransa yaliandikwa kuuzunguka. Arago, Breguet na Foucault wamo. Fizeau yumo pia, naye alikuwa hai bado kuyaona.